Kalsiamu na Majirani Zake

Ndani ya seli ya neva iliyotulia, kalsiamu huru ni haba mno: takriban nanomoli 100 kwa lita, ilhali majimaji ya nje yana zaidi ya mara 10,000 ya kiwango hicho. Tofauti hiyo haiji bure. Pampu za protini kwenye utando wa seli na kwenye retikulamu endoplazimu, ghala lake la ndani, hula nishati bila kupumzika ili kuilinda. Ndiyo maana mlango mmoja wa kalsiamu kwenye utando ukifunguka kidogo tu, kalsiamu hupanda ghafla pale ulipo, na seli huhesabu jambo hilo kuwa ishara.

Ishara ya nini, hasa? Ioni ileile ya kalsiamu humwaga kemikali za ujumbe kwenye sinapsi, yaani maungio ya seli za neva, huimarisha sinapsi wakati wa kujifunza, huamsha jeni, na ikizidi huua seli. Makala hii inatetea hoja kwamba tofauti haimo ndani ya kalsiamu. Imo katika protini zinazoizunguka pale inapoingilia.

Ushahidi mzuri kuliko wote umetoka kwa ngisi. Sinapsi yake kubwa ilidungwa kemikali mbili, EGTA na BAPTA, ambazo hunasa kalsiamu kwa nguvu zinazokaribiana, ila BAPTA ni nyepesi zaidi kunasa. BAPTA ilizuia ujumbe usivuke. EGTA, hata ilipokuwa nyingi, haikuzuia. Kalsiamu ilikuwa imekwisha kuifikia protini inayoihisi kabla EGTA haijaiwahi, kwa kuwa safari yenyewe ni ya makumi ya nanomita tu. Katika ubongo wa mamalia ukaribu huo hutengenezwa: protini iitwayo RIM na mwenzake RIM-BP huishikiza milango ya kalsiamu palepale vifuko vya kemikali vinaposubiri, na sinaptotagmini iliyo kwenye vifuko hivyo ndiyo inayoihisi kalsiamu.

Kalmodulini, protini ndogo ya asidi amino 148, yafaa kutazamwa kwa makini zaidi. Hukaa imeshika mkia wa mlango wa kalsiamu uitwao CaV1.2 hata kabla kalsiamu haijaingia. Ikiipata, hubadili umbo na kusababisha mlango huohuo ufunge. Lakini kalmodulini ikiungana na kimeng'enya CaMKII hukiamsha, vipande vyake 12 vikatiana fosfeti, na kazi ikaendelea hata kalsiamu ikishapungua. Mhisi ni yuleyule. Kwa mwenza mmoja hukatisha ishara, kwa mwingine huirefusha.

Hata tiba imepitia njia hiyo. Gabapentini iliundwa kwa kufuata umbo la GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza, lakini haifanyi kazi kupitia vipokezi vya GABA. Mwaka 1996 ilibainika kwamba hushika alfa-2-delta, protini inayosaidia kuifikisha milango ya kalsiamu kwenye utando wa seli. Tundu la mlango wenyewe hailigusi, na bado hutuliza maumivu ya neva.