Mlango si Mchukuzi

Katika shule za upili za Kisii na Nyamira, kama kwingineko nchini Kenya, biolojia hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukariri kwamba mitokondria ndiyo chimbuko la nishati ya seli, akaujibu mtihani, akasahau. Nyanyake akimuuliza nishati hiyo hutokaje humo, hana Ekegusii wala Kiswahili cha kumjibia.

Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakina maneno ya taaluma hiyo. Dai hilo halina mashiko: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Kinachokosekana ni wataalamu wa lugha walio tayari kulielewa jambo kabla ya kulipa jina.

Mitokondria ina tando mbili. Utando wa nje una protini zenye matundu mapana, na molekuli ndogo hupenya humo bila taabu. Utando wa ndani ni mkali. Hata protoni hazipiti ovyo. Mwaka 1961 Peter Mitchell alipendekeza kwamba tofauti ya protoni baina ya pande mbili za utando huo ndiyo inayoendesha uundaji wa ATP. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Maadamu utando umefungwa hivyo, molekuli kama ATP na ADP sharti zivushwe na protini mahususi. Protini hiyo hutoa ATP moja na kuingiza ADP moja, nayo kamwe haifunguki pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Basi anayeziita protini zote hizo "milango" anapotosha. Mlango uliofunguka pande zote ungevujisha protoni, na kazi yote ingekwama. Yafaa zile za nje ziitwe protini tundu, na za ndani protini chukuzi. Mchuma chai wa Nyamira hatapata shida kuelewa: kikapu kilichojaa hutolewa, kitupu hupokewa. Mfano huo nao una mpaka wake, kwani protini haitembei. Hukaa papo hapo utandoni ikijigeuza umbo.

Suala hili si la darasani pekee. Nyanda za juu za Gusii zimewahi kukumbwa na milipuko ya malaria, na dawa ya atovakwoni hukiangamiza kimelea kwa kuvuruga utendaji wa mitokondria yake. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa hayo kwa lugha anayoielewa, nayo Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Ni wajibu wa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili kuketi na wenzao wa biolojia, wakazijadili istilahi moja baada ya nyingine. Jina jema hung'ara gizani. Lakini jina la kubahatisha huongeza giza.