Saa za Dawa Si Saa za Uponyaji

Katika miaka ya hivi karibuni, habari nyingi zimekuwa zikitufikia kutoka ng'ambo kuhusu dawa za maruweruwe, yaani zile zinazomfanya mtu aone na kusikia mambo yasiyokuwepo, ambazo sasa wataalamu wanazijaribu katika kutibu magonjwa ya akili. Habari hizo hukariri jambo moja: kwamba mgonjwa aliyeteseka kwa miaka mingi humeza dawa mara moja tu, akakaa nayo saa chache, kisha akainuka mtu mpya. Kwa jamaa aliye na mgonjwa nyumbani, na ambaye amechoka kubisha milango ya hospitali, maneno hayo ni matamu. Ndiyo sababu tunaona yafaa kuyapima kabla hayajawaponza watu.

Kwanza ieleweke kwamba dawa hizi hazilingani kwa muda. Mtu aliyemeza LSD saa tatu asubuhi huweza kufikiwa na machweo kabla akili haijamtulia, kwa maana nguvu zake hudumu kati ya saa 8 na 12. Meskalini, itokayo katika dungusi liitwalo peyote huko Meksiko, hukaribia muda uo huo. Uyoga wenye silosibini humshika mtu kwa saa 4 hadi 6. Ibogaini, itokayo katika mizizi ya mti wa iboga huko Gabon, huweza kumtawala mtu mchana kutwa na usiku kucha, na tena ikahatarisha mapigo ya moyo wake. Kwa upande mwingine, DMT ikivutwa kama moshi hupanda kwa ghafla na kwisha kabla nusu saa haijatimia.

Tofauti hizi zina sababu zake. DMT ikimezwa peke yake haifui dafu, kwa kuwa mwili una kimeng'enya kinachoivunja mapema. Hata hivyo, wenyeji wa misitu ya Amazon waligundua tangu kale kwamba majani yenye dawa hiyo yakichemshwa pamoja na mmea fulani utambaao, kimeng'enya hicho huzuiwa, na kinywaji kipatikanacho, ayahuasca, hudumu kwa saa 4 hivi. Kuhusu LSD, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha North Carolina walionyesha mwaka 2017 kwamba inapoingia katika kipokezi cha serotonini, sehemu ya kipokezi hicho hujikunja juu yake mfano wa kifuniko cha chungu, ikakwama humo kwa muda mrefu.

Vijana wanaozitafuta dawa hizi kwa siri hawaambiwi mambo haya na wanaowauzia. LSD huweza kuchukua saa nzima au zaidi kabla ya kujitokeza. Kijana asiyeona lolote baada ya nusu saa hudhani amepunjwa, akaongeza nyingine. Zinapopanda zote pamoja, hakuna wa kumshusha. Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi aliyeitengeneza LSD kwa mara ya kwanza mwaka 1938, alikuwa na ujuzi wote wa maabara. Lakini tarehe 19 Aprili 1943 alipojijaribia mikrogramu 250, yaani robo ya miligramu, ilibidi msaidizi wake amsindikize nyumbani kwa baiskeli huku hofu imemvaa. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyomkuta mwenye kuivumbua, sembuse mwanafunzi wa shule ya bweni?

Wala isidhaniwe kwamba dawa ya dakika chache ni dawa nyepesi. Ufupi wa DMT huendana na ukali wake; mtu huweza kupoteza fahamu za mahali alipo kabla hajaketi vizuri. Isitoshe, wako wachache ambao dawa huwatoka mwilini lakini macho yao yakaendelea kuona rangi na vivuli kwa miezi, na wako wenye wendawazimu katika ukoo ambao dawa hizi huweza kuwaamshia maradhi yaliyokuwa yamelala.

Zaidi ya saa za dawa, ziko saa za mtu wa kumwangalia mgonjwa. Katika majaribio ya silosibini, mgonjwa hukaa na mtaalamu takriban siku nzima ya kazi, mbali na vikao vya kumwandaa kabla na kumsikiliza baadaye. Katika jimbo la Oregon huko Marekani, ambako wapigakura waliidhinisha huduma hii mwaka 2020, kikao kimoja aghalabu hugharimu zaidi ya dola 1,000. Gharama hiyo hasa si ya uyoga, bali ya saa za binadamu. Hata esketamini, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Machi 2019, ambayo hupulizwa puani na kwisha upesi, mgonjwa hutakiwa kuangaliwa kwa angalau saa 2, na haruhusiwi kuendesha gari hadi kesho yake.

Kisha ziko saa za uponyaji wenyewe, ambazo ndizo mgonjwa anazozitafuta. Hapa majibu yanatofautiana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliotolewa mwaka 2016 uliwahusu wagonjwa 51 wa saratani waliokuwa na huzuni na wasiwasi mkubwa. Miezi 6 baadaye, takriban asilimia 80 walikuwa bado na nafuu. Lakini utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2022, uliowahusisha watu 233 wenye sonona iliyoshinda dawa za kawaida, ulionyesha kwamba asilimia 37 ya waliopewa kipimo kikubwa cha silosibini walipata nafuu katika wiki ya 3, na ni asilimia 20 tu waliodumu nayo hadi wiki ya 12. Hiyo si kazi ya kudharauliwa, kwa kuwa hao ni watu waliokuwa wamekata tamaa. Hata hivyo, si muujiza wa siku moja. Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Je, Kenya ifanye nini? Sheria yetu ya kudhibiti mihadarati ya mwaka 1994 inazihesabu LSD na silosibini miongoni mwa vitu vilivyopigwa marufuku, na hatuoni sababu ya kuilegeza kwa ajili ya wachuuzi. Wakati huo huo, Australia iliruhusu mwezi Julai 2023 madaktari maalumu wa akili kuwaandikia baadhi ya wagonjwa silosibini, na maswali hayo hayana budi kutufikia. Jopokazi la serikali lilipendekeza mwaka 2020 kwamba magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Hata hivyo madaktari wa fani hiyo bado ni haba, na wengi wao wako mijini. Nchi isiyoweza kumpa mgonjwa wa kijijini nusu saa ya kuzungumza na daktari itampa vipi saa 6 za kuangaliwa?

Kwa hivyo tunaisihi Wizara ya Afya mambo mawili. Kwanza, iwaelimishe wananchi na walimu waziwazi kuhusu dawa hizi, muda wake na hatari zake, badala ya kuwaachia wauzaji kazi hiyo. Pili, kabla ya kuvutiwa na dawa mpya, iajiri na kuwafundisha madaktari, wauguzi na washauri wa akili katika kila kaunti. Siku utafiti utakapothibitisha manufaa ya dawa hizi, watu hao ndio watakaoketi na mgonjwa mpaka atulie. Na ikiwa hautathibitisha, saa zao hazitakuwa zimepotea, kwa maana wagonjwa wetu wanazihitaji hata leo.

Mwenye mgonjwa nyumbani naye asidanganyike na anayemuuzia uponyaji wa alasiri moja. Amuulize kwanza: dawa ikishamtoka kichwani, nani atakuwa kando yake?