Banda la Motokaa Lina Bomba, Dereva Hana Choo



Wengine watauliza, watu wa reli wana kazi gani na mabanda ya motokaa ya Diani? Ni kweli reli haikufika Diani wala Msambweni. Katika Kwale yapita bara, Samburu, Taru na Mackinnon Road. Lakini sisi tulio wenyeji wa Msambweni tuna ndugu zetu huko ufuoni, madereva, mayaya, wapishi na askari wa usiku. Wakati wa likizo tulivuka Likoni tukawazuru, na tuliyoyaona hatuwezi kuyanyamazia.

Nyumba ya tajiri mmoja iko mbele, yaelekea bahari. Banda la motokaa liko peke yake nyuma, karibu na lango, kama futi 60 kutoka tangi la choo la nyumba. Lina sakafu ya saruji, mlango wa chuma, taa, na bomba la maji ya kuoshea motokaa. Dereva hukaa hapo tangu alfajiri mpaka tajiri alale. Askari hukaa hapo usiku kucha. Yaya hulala katika chumba kilichopachikwa ubavuni mwa banda. Choo hakuna, na cha nyumba kubwa wamekatazwa. Mchana dereva hukimbilia choo cha msikiti. Usiku askari huingia kichakani. Na yaya haonji maji tangu magharibi, maana aogopa kutoka gizani. Mama mzima mwenye watoto alala na kiu!

Waliomba choo kimoja kiongezwe kwenye banda. Tajiri alitoa sababu tatu, nasi twazijibu.

Kwanza alisema banda liko mbali. Sisi tunaotengeneza njia ya reli twaujua mteremko. Bomba la inchi 4 lataka kushuka inchi moja kwa kila futi 4. Kwa futi 60 ni inchi 15, hata goti la mtu mzima halifiki. Umbali huo si kizuizi.

Pili alisema mwamba wa matumbawe ni mgumu. Ni mgumu kweli, lakini kisima chake kilichimbwa katika mwamba huo huo. Tena mwamba huo una nyufa, na uchafu hupita upesi mpaka majini. Homa ya matumbo na kipindupindu havichagui tajiri wala boi. Kwa hiyo hatutaki shimo la ovyo karibu na kisima; twataka bomba lifike kwenye tangi lililojengwa vizuri.

Tatu alisema ni gharama. Ukuta mmoja uko tayari, ule wa banda. Maji yako tayari. Zimebaki kuta tatu, mabati, mlango, sinki la choo na bomba. Maji ya motokaa yalipohitajika, hakuna aliyeuliza gharama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tena jambo hili si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka mahali pa kazi pawe na vyoo vya kutosha, visafi, vyenye mwanga, na wanawake wawe na chao mbali na wanaume. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yataja haki ya makazi na usafi unaofaa. Shuleni misheni tulisoma kwamba hata jeshi la Israeli jangwani liliamriwa kutenga mahali na kufukia. Wenzetu waliosoma chuoni walifundishwa tohara kabla ya sala. Nani basi aliyefundishwa kwamba mtumishi hana haja?

Na tusijisifu. Wako wanachama wetu waliojenga nyumba Ukunda na Kombani, wakamweka mtumishi uani pasipo choo. Hao nao ni matajiri wadogo. Waanze kwao wiki hii, ndipo sauti yetu isikike.

Januari 1947 huko Mombasa, watu wa bandari, wa reli na maboi wa majumbani waligoma pamoja, na makazi yalikuwa mojawapo ya malalamiko yao. Hawakuulizana nani ni wa reli na nani ni wa jikoni.

Kwa hiyo twasema hivi. Ndugu dereva, usiende kuomba peke yako. Aliyekwenda peke yake aliambiwa atafute kazi kwingine. Nendeni watu wa nyua kumi pamoja. Jiandikisheni katika KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini. Andikeni barua moja, mtie sahihi wote, mwonyeshe hesabu ya inchi 15.

Motokaa imejengewa nyumba. Aliyeiendesha ajengewe choo.

Umoja ni nguvu.