Kumchagulia Mtoto Kitabu

Askari wa Kasubi amnunuliaye mtoto wake wa miaka 10 kitabu asidanganywe na jalada, kwani mshahara ni mmoja. Kitabu cha hadithi, mtoto akisome ukurasa mmoja kwa sauti papo hapo dukani. Akikwama katika maneno zaidi ya matano, kimemzidi. Akifunua ukurasa wa pili bila kuambiwa, hicho ndicho.

Kitabu cha maarifa, mzazi atazame kwanza mwaka wa kuchapwa. Nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea tarehe 16 Machi 2010. Mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kitabu cha historia ya Kasubi kisichoutaja moto huo kimepitwa na wakati. Mtoto wa hapo ataugundua upungufu huo mwenyewe, na hataviamini vitabu vingine.