Jumamosi Saa Tisa Uko Wapi?

Leo naongea na watu wa chuo kikuu walio katika ushirika huu, wanafunzi na wafanyakazi pia. Wengine someni tu, hamtakosa lenu.

Kila muhula mpya napokea ujumbe ule ule: "Pasta, nataka kutumika, nipe nafasi." Nikiuliza nafasi gani, jibu ni maikrofoni, au kinanda, au kamera. Hakuna aliyewahi kuniomba nafasi ya kushika filimbi kwenye ule uwanja wa vumbi nyuma ya soko. Samahani, mmoja aliwahi. Na nilimkosea.

Alikuwa mwaka wa pili, mpiga kinanda wa timu ya sifa. Alikuja akaniambia anafundisha watoto wa mtaa mpira kila Jumamosi saa tisa, saa ile ile ya mazoezi yetu. Aliomba tu aruhusiwe kuchelewa. Nikamwambia achague kati ya madhabahu na mpira. Kijana ana heshima, akachagua madhabahu, maana ndivyo nilivyompangia swali. Baada ya wiki chache mama mmoja anayeuza mboga pale stejini akanisimamisha: "Pasta, yule kocha wa watoto alihama? Wangu ameenda uwanjani Jumamosi tatu, anarudi na viatu mkononi."

Nilikosa jibu. Mimi ndiye niliyemhamisha kocha.

Tangu siku hiyo naisoma Zekaria sura ya 8 kwa macho mengine. Nabii anaonyeshwa Yerusalemu ikirejeshwa, na katika mstari wa 5 moja ya dalili zake ni njia za mji zilizojaa wavulana na wasichana wakicheza. Sasa niambie, mpendwa, katika mtaa wetu hao watoto wako na nani wakicheza?

Mfano tunao hapa hapa Nairobi. Mwaka 1987 kule Mathare kilianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA. Timu zake hazikupata pointi kwa kushinda mechi peke yake. Zilipata pointi pia kwa kuzoa takataka na kusafisha mtaa. Vijana wenyewe wakawa makocha na marefa. Humo ndimo ilimotoka Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Wengi hawatafika huko, na tafadhali usimwahidi mtoto wa mtu Ulaya. Lakini mtaa ulisafishwa, na watoto walikuwa na mtu wa kuwangoja.

Wafanyakazi wa chuo, msijifiche nyuma ya umri. Nimeona timu za mtaa zikifa na vipaji vyao vyote, kwa sababu pesa za usajili zimepotea na hakuna daftari. Wewe mhasibu, hiyo ni kazi ya saa moja kwa wiki. Muuguzi wa zahanati ya chuo, tunahitaji mtu anayejua kwamba mtoto aliyegongwa kichwa hatolewi dakika mbili kisha akarudishwa, hata akilia kwamba yuko sawa. Mhadhiri, wewe unasikilizwa pale chuoni: uliza kama uwanja ule wa nyasi unaweza kufunguliwa wakati wa likizo. Na kina dada, netiboli ya wasichana inawangoja ninyi. Kuna mambo msichana wa miaka 13 hatamwambia kocha mwanamume.

Nendeni wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wale wa Luka 10. Komredi akienda nyumbani likizo ndefu, mwenzake abaki. Tena hakuna mtu mzima anayepaswa kubaki peke yake na mtoto wa watu, awe ameokoka kiasi gani. Ukiombwa cheti cha polisi cha maadili mema, usikasirike eti huaminiwi. Mzazi ana haki ya kujua anamwachia nani mtoto wake.

Najua wengine mtaniuliza kuhusu roho za watu. Sisemi umfiche Yesu. Mtoto akikuuliza, mwambie. Lakini usiufanye mpira kuwa chambo. Mtoto wa jirani yetu Mwislamu acheze dakika sawa na wa shemasi, na asitishwe. Na ukienda kwa ajili ya picha ya kuweka mtandaoni, watoto watakujua mapema kuliko mimi.

Yule kijana sasa yuko mwaka wa nne. Nilimfuata uwanjani nikamwomba msamaha mbele ya watoto wake, maana nilimkemea mbele ya watu. Alicheka, akanipa filimbi. Nilichezesha vibaya sana, wakanizomea.

Mazoezi ya timu ya sifa sasa ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Jumamosi saa tisa tunahitaji wawili wa netiboli na mmoja wa kushika daftari. Niandikieni inboksi, msiandike "Amina" peke yake.