Mkiwa Hatibiwi kwa Vijembe

Miaka kadhaa iliyopita nilitunga shairi la beti kumi na mbili kuwashambulia walevi na wala unga wa mitaa yetu. Vina vyake vilikaa sawa na mizani haikupungua. Niliwaita mizoga itembeayo, nikawaita aibu ya mama zao, na katika ubeti wa mwisho nikaomba bahari iwachukue. Lilisomwa barazani, likasifiwa, na wakubwa zangu katika fani walinipa mkono. Leo nashika kalamu kulipinga shairi hilo na kuwapinga wote walioliona jema, na wa kwanza wao ni mimi.

Sababu ni mpwa wangu. Sikumtaja kwa jina, lakini alikuwamo ndani ya beti zile, na mwenyewe alijua. Alianza na bangi, akafika kwenye unga, akauza mpaka vyombo alivyoachiwa na marehemu mama yake. Siku alipokubali kwenda kutafuta msaada, alinionyesha karatasi iliyokunjwa mara nne katika pochi yake. Ilikuwa nakala ya shairi langu. "Mjomba," aliniambia, "kila nilipotaka kuacha nililisoma. Nikifika mwisho naona sina wa kumrudia, nakwenda kuvuta tena."

Msomaji mpenzi, sijapata kusomewa tahakiki kali kuliko hiyo.

Kijana aliingia katika mojawapo ya nyumba za upataji nafuu hapa Unguja, zile ambazo mitaani tumezizoea kwa jina la soba. Alistahimili siku za arosto, akajifunza kukaa duara na wenziwe na kusema yaliyomsibu. Alipotoka alipata kazi ya utingo katika malori ya bara. Basi usiku mmoja simu yangu ililia. Nilimwuliza yuko wapi, akanijibu: "Nipo Mkiwa, Mjomba."

Mkiwa ni mji mdogo wa njiani katika mkoa wa Singida, kati ya Manyoni na Ikungi, pale barabara itokayo Dodoma inapoachana na njia ya Itigi, inayopita Rungwa kuelekea nchi ya Mbeya. Jina hilo ni la wenyeji wake, na si haki yangu kulifasiri. Lakini kwa sikio la mtu aliyelelewa na tenzi, mkiwa ni yule aliyebaki peke yake, asiye wa kumliwaza wala wa kumwuliza hali. Nilisikia jina la mji, nikasikia na hali ya msemaji. Nyuma ya sauti yake muziki wa baa ulikuwa ukivuma. Dereva wake alikuwa amekwisha kuketi ndani na chupa mbele yake. "Zungumza nami tu," aliniomba, "neno lolote, mpaka wafunge." Nilimsomea kurasa za tafsiri niliyokuwa nikiifanya, mpaka muziki ukanyamaza.

Tangu usiku huo nimejifunza jambo moja, na ndilo linalonileta hapa: uraibu ni ukiwa kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na mkiwa hatibiwi kwa vijembe. Hutibiwa kwa watu.

Najua nitakavyojibiwa. Hoja ya kwanza itakuwa kwamba kukaa duara na kueleza udhaifu wako mbele ya wengine ni uzungu. Kweli, mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, mfanyabiashara mmoja kutoka New York, Bill Wilson, alijikuta ukumbini mwa hoteli, mbali na kwao, biashara yake imeharibika na sauti za baa zikimwita. Alikuwa na miezi michache tu bila ya pombe. Badala ya kuingia baa alikwenda kwenye simu, akatafuta mpaka akaunganishwa na mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye. Aliyempata alikuwa daktari, Bob Smith. Mazungumzo ya wawili hao ndiyo yaliyozaa Alcoholics Anonymous, na mwaka 1953, huko California, ukafuata umoja wa watumiaji wa dawa za kulevya, Narcotics Anonymous. Lakini hebu tuitazame picha yenyewe: msafiri, mji wa ugenini, baa, na simu. Je, hiyo ni Akron peke yake? Mbona Mkiwa imo yote?

Wala duara si mali ya Wazungu. Sisi tunaokaa duara katika zikiri na katika darsa, tunaoketi jamvi moja matangani mpaka mfiwa apate nafuu, tumeanza lini kuliona duara kuwa ugeni? Malindi, ndugu zetu wa Omari Project walianza kazi hii mwaka 1995. Hapa Unguja nyumba za soba zimekuwapo tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na vijana wetu wamezifuata zile hatua kumi na mbili bila ya kuacha sala zao.

Hoja ya pili ni ya sitara. Tutaambiwa kuwa mtu mwenye heshima haanui aibu yake hadharani. Naiheshimu hoja hii, kwani na mimi nimelelewa nayo. Lakini wahenga waliosema habari za sitara ndio waliosema pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Tena walisema: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona kila kitu, akafunika, akanyamaza. Kikundi cha waraibu ni waosha kwa waosha: kila mmoja amekwisha kuonwa, na lisemwalo ndani halitoki nje. Hata jina la ukoo halitakiwi. Sitara gani iliyo kubwa kuliko hiyo? Aliyemwanua mpwa wangu hadharani nilikuwa mimi, mwenye vina na mizani, si wale aliokaa nao duara.

Hoja ya tatu ni ya fimbo: wafungwe, watangazwe, wakomeshwe. Mwezi Februari mwaka 2017 majina ya watu yalisomwa hadharani Dar es Salaam, ya watuhumiwa wa kuuza na ya watuhumiwa wa kutumia, yote katika pumzi moja. Tarehe 1 Machi mwaka huohuo pombe za viroba zilipigwa marufuku nchini. Marufuku ile naiunga mkono, maana kiroba kilikuwa kikiuzwa kwa bei ya peremende. Lakini sheria ikimwondolea mtu kiroba mkononi haimwachii kitu cha kushika. Aliyekuwa akinywa kwa sababu ya ukiwa, ukiwa wake ulibaki palepale, na gongo haikuwahi kusubiri kibali.

Sisemi kuwa kikundi kinatosha peke yake. Mlevi wa miaka mingi akikatiza pombe kwa ghafla aweza kupatwa na degedege, hata akafa. Huyo aanze kwa daktari. Mwenye uraibu wa unga aweza kusaidiwa na methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011, ikafika Unguja mwaka 2015, na Dodoma baadaye. Pamoja na dawa hupewa ushauri nasaha, kwa sababu waganga wenyewe wanajua kwamba kikombe peke yake hakimrudishi mtu kwao. Lakini methadoni kwa kawaida hunywewa kliniki, kila siku, mbele ya muuguzi. Utingo anayelala leo Mkiwa na kesho Chunya ataipatia wapi? Mtu wa namna hiyo ndiye anayehitaji zaidi wenziwe wa kuzungumza nao, na ndiye tuliyemnyima.

Kikundi hakihitaji jengo wala bajeti ya wizara. Kinahitaji chumba cha zahanati baada ya saa za kazi, au kivuli cha mti, jamvi, mtu mmoja aliyekwisha kupita njia hiyo, na mnasihi wa kumtazama kwa mbali. Mji uwezao kuweka baa kila baada ya nyumba chache hauwezi kusema umekosa nafasi ya jamvi moja.

Na sisi wenye lugha? Neno uraibu tumelirithi kutoka kwa bibi zetu. Lilikuwa jina la tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, kile kitu ambacho mtu hawezi kukaa bila ya kukirudia. Bibi akikosa uraibu wake alihangaika, tukamhurumia, tukamkimbilia dukani. Hakuna aliyemtungia kijembe. Leo wataalamu wamelichukua neno hilohilo kumwita mjukuu wake mraibu, na huruma ya bibi ingalimo ndani yake. Sisi washairi tumeliacha tukachagua teja, tukachagua mzoga, kwa kuwa ni rahisi kuyapatia vina. Huo ni uvivu wa sanaa kabla ya kuwa ukatili.

Basi nawaomba wenzangu mambo mawili. Kila baraza la washairi, hapa visiwani na mwambao wote, litenge usiku mmoja kwa mwezi limpe jamvi lake yeyote anayetaka kuacha, na washairi wakae kimya wasikilize. La pili, wahariri wakatae shairi lolote linalomtukana mgonjwa, hata likiwa na vina vya dhahabu, kama wangelivyokataa shairi la kumtukana mwenye ukoma.

Lile langu nimeliondoa katika diwani ninayoitayarisha. Nakala moja imebaki, ile iliyokunjwa mara nne. Nilimwomba mpwa wangu anirudishie niichane, akakataa. Amesema ataichana mwenyewe siku atakayoona inafaa, na mimi sina haki ya kumharakisha.