BWANA SHAMBA ANASEMA: Usiuze Kakao Mbichi

Ndugu mkulima wa Kyela,

Kakao yetu huliwa mbali. Mwaka 2003, huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Oxford Brookes kilikuwa cha kwanza duniani kutambuliwa kuwa chuo cha Biashara ya Haki. Chuo cha namna hiyo huwauzia wanafunzi kahawa, chai na chokoleti zenye alama ya biashara hiyo.

Alama hiyo inamsaidiaje mkulima? Chama cha wakulima chenye cheti kikiuza tani moja ya kakao kwa biashara hiyo, hulipwa dola 240 zaidi ya bei. Fedha hizo ni za wote. Wanachama huamua mkutanoni: tuchimbe kisima, au tujenge darasa?

Mlanguzi wa kakao mbichi haleti nyongeza hiyo. Anajua una shida leo.

Basi vundika kakao yako siku 5 au 6. Ifunike kwa majani ya migomba. Igeuze. Ianike kichanjani, si chini. Ipeleke chamani, angalia mzani, chukua stakabadhi.

Na mkutanoni simama uulize: Je, chama chetu kina cheti?